Bila Tokeni Mzee Haondoki

Siku niliyopelekwa kwake, mzee alikuwa hajaoga siku tisa. Mtu wa wakala alinipa anwani kwa simu, nyumba ya matofali huko Kenton, akaniambia, "Wasaidizi watatu wameshindwa. Kiingereza amekisahau, anaongea Kigujarati na Kiswahili tu. Wewe si unaongea Kiswahili?" Nikamwambia mimi Kiswahili naongea mpaka usingizini. Na wakati ule karibu kila kitu nilikuwa nakifanya usingizini.

Nilikuwa na kazi mbili. Alfajiri napiga deki ofisi za Stratford, saa tatu natoka, naingia treni ya chini ya ardhi, naikata London yote kutoka mashariki mpaka kaskazini magharibi, nashuka Kingsbury, nadandia basi mpaka Kenton. Mara mbili usingizi ulinipitisha mpaka Stanmore, reli inapoishia, nikaamshwa na mfagiaji mwenzangu ananigonga kiatu kwa fagio. Kwetu wanasema Ulaya watu wanabeba maboksi. Boksi sijawahi kubeba. Nimebeba ndoo na wazee.

Mlango alifungua mkwe wa mzee. Mama wa miaka arobaini na kitu, nywele kazibana kwa kalamu, uso wa mtu ambaye hajakaa chini tangu jana. Hakunisalimia. Alinionyesha ngazi.

"Yuko juu. Atakutukana. Usijali, na mimi ananitukana."

Mzee alikuwa kwenye kiti karibu na kitanda, mrefu, mkavu kama muwa uliotafunwa, masharubu meupe. Harufu ya chumba siisemi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri kabisa, akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Tabora.

"Tabora!" akasema. "Mimi naendesha treni Tabora miaka ishirini na mbili. Wewe mtoto wa nani?"

"Mtoto wa mama muuza maandazi."

"Maandazi ya stesheni? Mbaya sana. Ngumu."

Nikajua tutaelewana. Nikamwambia haya mzee, twende tukaoge. Akatazama mlango. Halafu akanyoosha mkono wa kushoto pembeni, kiwiko kakikunja kidogo, akauacha hewani hivyo hivyo. Nikamshika nimwinue, akanipiga kibao cha shavu. Mkono akaurudisha pale pale hewani.

Siku hiyo hakuoga. Wala kesho yake.

Jioni ya pili mwanawe alirudi kutoka kazini. Alikuwa anafanya kazi duka la dawa, mtu mpole mwenye mabega yaliyoanguka. Yeye alizaliwa Tabora, akaondoka na miaka kumi, Kiswahili chake kilibaki cha mtoto wa miaka kumi. Alinipa chai ya tangawizi na gathia kwenye sahani, akaniambia jambo lenyewe lilivyo. Baada ya wiki tatu atakuja afisa wa ustawi wa jamii. Akimkuta mzee bado hataki kunyanyuka, haogi, anajisaidia kitini, ataandika ahamishiwe nyumba ya wazee.

"Kule watamwosha," nikasema.

"Kule atakufa, bwana. Hapana ugonjwa. Ataamka asubuhi, nani atamwambia habari za asubuhi? Atakaa kama mzigo umeachwa stesheni."

Mkewe alikuwa anaosha vyombo katupa mgongo. Akasema bila kugeuka, "Na nikifa mimi kwanza?" Kila siku ni yeye aliyekuwa anabadilisha yale mashuka.

Maana ya ule mkono ilinijia kwenye basi. Walifikiri ni kiharusi, hata daktari alisema misuli imekaza. Lakini mimi ule mkono niliwahi kuuona. Tukiwa watoto Tabora tulikuwa tunatega shule tunakwenda kukaa kando ya reli, na mchezo mkubwa pale ulikuwa kumwangalia dereva anapokea tokeni. Treni inapita haijasimama, mtu wa stesheni anasimama chini ameinua pete kubwa yenye kifuko, dereva anatoa mkono nje ya dirisha, kiwiko kimekunjwa hivyo hivyo, anaidaka pete kwa mkono, huyoo. Sisi tunapiga makofi kama mpira umeingia golini.

Na bila tokeni treni haiendi. Reli yenyewe ni moja, ya kwenda ndiyo ya kurudi. Kati ya stesheni na stesheni tokeni inatoka moja tu. Aliyenayo ndiye mwenye njia, wengine wote wangoje. Mzee hakuwa mkaidi. Alikuwa anangoja aruhusiwe.

Kesho yake nikamwomba mjukuu wa mzee kitu cha mviringo. Alikuwa binti wa miaka kama kumi na tatu, Kiswahili hajui, Kigujarati anasikia, anajibu Kiingereza tu, na Kiingereza chenyewe kwa mabega. Akanipa raketi ya mpira wa vinyoya iliyokatika nyuzi. Nikang'oa nyuzi zilizobaki, nikafunga soksi yenye mpira wa tenisi ndani. Nikaingia chumbani nikasimama wima mbele ya mzee, nikainua ile raketi.

Akaitazama. Akanitazama mimi, anataka kujua kama njia ni tupu.

"Laini safi?"

"Safi, mzee."

Akapitisha mkono kwenye raketi, akaikumbatia kifuani, akasimama. Peke yake! Akatoka mlangoni, akafuata korido hatua kumi na mbili mpaka bafuni, mdomoni anavuma taratibu. Mkwe wake alikuwa anapanda ngazi na kapu la nguo. Akaketi palepale kwenye ngazi, kapu mapajani.

Mzee alioga siku hiyo na maji yalitoka rangi ya chai.

Basi tukawa na reli yetu. Kutoka chumbani kwenda bafuni, tokeni. Kurudi, tokeni nyingine. Huwezi kurudi na ile ya kwendea, nilijaribu akaniita muuaji. Kushuka ngazi kwenda sebuleni, tokeni. Na kila kituo alikipa jina la stesheni, siyo za Tabora. Zilikuwa za kwao Gujarati, kwenye reli ndogo aliyozaliwa juu yake. Baba yake alikuwa stesheni masta wa kituo kidogo cha njia hiyo, na yeye alianza kazi pale kwa kutia makaa ya mawe kabla hajapanda meli kuja Afrika. Upana wa reli ni uleule, aliniambia, mita moja kule, mita moja Tabora. "Mimi nafika Tabora, naangalia chini, nasema, aa, nyumbani."

Nikimpaka sabuni mgongoni ndiyo alikuwa anaongea. Jikoni palikuwa stesheni ya maziwa. Wafugaji wanakuja na makopo ya shaba, ndani ya behewa hakuna nafasi, basi wanayaning'iniza nje madirishani, kopo kwa kopo, upande mzima wa treni unang'aa juani kama bibi harusi. Sebuleni palikuwa stesheni ya karanga. Wakati wa mavuno magunia yanapangwa mpaka kwenye paa la ofisi ya baba yake, na watoto wa kijiji wanatambaa chini ya mabehewa kuokota zilizomwagika. Treni yenyewe haikuwa na haraka. Gadi, msimamizi wa treni, alimjua kila mtu. Mwalimu akichelewa, gadi anaangalia barabarani, anaona vumbi la baiskeli, anasema, subiri. Binti akiolewa kijiji cha mbali, anapanda na sanduku lake la bati, na kijiji kizima kinalia dirishani mpaka dereva anaona aibu kupiga honi.

"Na nyinyi mlikuwa mnafika saa ngapi sasa?" nikamwuliza.

"Tunafika siku ileile. Wewe nataka nini zaidi?"

Siku moja akaniambia chumba cha chini ya ngazi ni stesheni ya simba. Jioni wanakuja simba kulala jukwaani, abiria wote wanajifungia ofisini na baba yake, wanakunywa chai mpaka simba waondoke. Nikacheka mpaka nikadondosha sabuni. Nikasema mzee, hapo umechanganya, hao simba wa kwetu, umewasafirisha India bila tiketi. Akakasirika vibaya. Jioni nikamwambia mwanawe kwamba ugonjwa umezidi, leo baba kaweka simba India. Akasema simba wapo, msitu upo, reli inapita katikati. Kesho yake nikaomba msamaha. Mzee akasema, "Kila Mwafrika nafikiri simba yake."

Kulikuwa na habari moja hakuambiwa. Mpwa wake alipiga simu kutoka kule: ile reli imefungwa, wanaing'oa waweke pana. Wauza maziwa sasa wanapakizwa kwenye lori, na kijiji cha baba yake lori halifiki. Mwanawe alinieleza mlangoni kwa sauti ya chini. "Usimwambie." Sikumwambia. Nilimwinulia raketi, nikasema laini safi.

Lakini kuna siku mwenyewe alisimulia kitu, kichwa kina povu. Mwaka wa ukame. Kituo kidogo hakina kisima. Wanawake wanakaa kando ya reli na mitungi ya shaba, wanangoja treni, siyo wapande, wanangoja maji ya injini. Ni marufuku. Maji ni ya boila. Dereva aliyekuwa anamtilia makaa akafungua koki, maji yanatoka ya moto, yana mafuta juu, wanawake wanayakinga. Treni ikaishiwa maji katikati ya pori, wakakaa juani muda wa saa nane, na abiria hakuna aliyelalamika maana wote walikuwa na dada au mama kwenye vituo vile.

"Wakatuadhibu," akasema. "Sawa. Sheria iko sheria." Halafu akafumba macho nimmwagie maji.

Wiki tatu zikapita hivyo. Mzee ananukia sabuni, anakula mezani, anamtukana mkwe wake kwa adabu zaidi. Mimi ndiye nilikuwa naisha. Stratford wenzangu wawili waliacha kazi na msimamizi akanigawia ghorofa zao. Nilikuwa napiga deki nimefumba jicho moja, nalipumzisha, nabadilisha lingine.

Siku ya afisa ilifika, saa sita mchana. Mwanamke mnene mwenye faili na viatu vya kimya, sauti nzuri. Mwenyewe hakuwa mbaya. Alikaa kwenye kitanda cha mzee akamtazama, akaandika, akaniuliza kama mzee anaweza kwenda msalani. Nikamwambia anaweza, tena kwa ratiba. Akasema angependa kuona.

Nikachukua raketi. Huwa kabla ya kuinua natoka kwanza, natazama korido, nasukuma mlango wa bafu, naona hakuna mtu, narudi. Kila siku nafanya, hata siku za usingizi. Siku hiyo mgeni alikuwa ananiangalia, miguu yangu ilikuwa mizito kama imefungwa matofali, na bafu lenyewe lilikuwa hatua kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi. Nikasema moyoni, nani atakuwa huko?

"Laini safi?" mzee akauliza.

"Safi."

Akaidaka tokeni. Akanyanyuka, mgongo umenyooka, afisa akatabasamu akaandika kitu. Tukamfuata nyuma. Mzee akafika, akasukuma mlango wa bafu.

Mkwe wake alikuwa ndani. Alikuwa amepiga magoti kwenye beseni la kuogea anasugua, anataka serikali ikikagua ikute panang'aa. Alikuwa ametuambia anakwenda chini, akabadili nia. Akageuka na brashi mkononi.

Mzee alipiga kelele ambayo sijaisikia tena mahali popote. Akaitupa raketi, akashika ukingo wa mlango kwa mikono miwili kama anavuta breki, akavuta, akavuta, halafu akakaa chini kwenye korido. Akaanza kuwataja. Mwalimu. Watu wa maziwa. Watoto wa shule behewa la mbele. Bibi harusi. Alikuwa anawataja mmoja mmoja, analia, mkwe wake anamwita baba kwa Kigujarati, "Bapuji, ni mimi, niko mzima, niguse," anampa mkono wenye povu, yeye haoni.

Afisa aliniuliza kinatokea nini. Kiingereza changu ni cha ndoo na sabuni, nikasema, "Treni zimegongana." Akaacha kuandika.

Mzee alipopata pumzi akanitafuta kwa macho.

"Nani natoa tokeni?"

Ningeweza kumtania, mdomo ninao. Haukutoka utani. "Mimi, mzee."

"Wewe naangalia laini?"

"Sikuangalia."

"Kwa nini?"

"Nilichoka."

Akasema polepole, wala siyo kwa hasira, "Wote nachoka. Baba yangu nachoka miaka thelathini. Vua kofia."

Nilikuwa na kofia ya sufi, ya baridi. Nikaivua nikampa. Akaiweka chini ya paja lake akaikalia. Kuanzia hapo nikimsogelea anageuza uso. Nikaangalia bafu mara tatu mbele yake, nikaapa safi, nikainua raketi, mkono hakuutoa. Na hapo kwenye korido akajikojolea, mkwe na afisa wakamnyanyua wakamrudisha kwenye kiti chake.

Afisa alisema anaona hali ni ngumu kuliko alivyoambiwa. Alisema kwa upole, na upole wake ulimaliza kila kitu. Ana nusu saa, akasema, aandike taarifa yake sebuleni, halafu ana nyumba nyingine. Mkwe alikuwa ameshampigia mumewe. Nilimngojea mlangoni.

Akafika anahema, bado na koti jeupe la duka la dawa. Nikamweleza. Nikamwambia, "Mimi kanifukuza, na kanifukuza kwa haki. Inabidi wewe."

"Mimi? Mimi siwezi kucheza treni mbele ya mwanamke wa serikali."

"Kaka, ukidhani ni mchezo ndiyo utafanya kama mimi."

"Toka mtoto nachukia hii kitu. Yeye nakuja nyumbani mara moja kwa wiki, naongea stesheni, stesheni. Sisi watoto wake hapana stesheni?"

Nikampa raketi. Nikamwonyesha: nenda kwanza bafuni, ingia, tazama hata nyuma ya pazia, na umwachie mlango wazi aone unatazama. Rudi. Simama wima. Usiinue mpaka akuulize. Na tokeni ya kurudi usisahau, ni nyingine. Akaishika raketi kama imeokotwa jalalani. Mkewe alikuwa juu ya ngazi anamtazama tu, mikono imelowa mpaka viwiko, na nadhani ni macho yale, siyo maneno yangu, yaliyompandisha.

"Wewe kaa jikoni," akaniambia. "Asikuone."

Nikakaa jikoni karibu na mlango wa nyuma, masikio juu. Nikamsikia anapita koridoni juu ya kichwa changu. Mlango wa bafu. Pete za pazia zikalia kwenye chuma, shaa. Hatua zikarudi. Nikasikia friji inanguruma karibu yangu.

Halafu sauti ya mzee, kwa Kiswahili, maana Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yake ya kazini. "Wewe nani?"

"Stesheni masta."

"Yule ingine?"

"Ameondolewa."

"Vizuri. Hatari sana yule. Lakini kijana mzuri. Nalala kazini tu." Akakohoa. "Laini safi?"

"Safi, Bapuji. Nimetazama mwenyewe. Hakuna mtu."

"Nyuma ya pazia?"

"Nyuma ya pazia pia."

Nikasikia ubao wa korido unalia, hatua moja, ya pili. Nikahesabu zote kumi na mbili. Mlango wa bafu ukafungwa, maji yakafunguliwa. Sebuleni afisa alisimama, akapanda ngazi na viatu vyake vya kimya, sikumsikia mpaka alipokuwa juu.

Mkwe alishuka jikoni akaniletea koti langu. Akanifungia chapati nne kwenye karatasi ya foili. Alisema afisa ameandika mzee abaki, kwa sharti mwanawe apunguze saa dukani awe nyumbani asubuhi. Na mimi nisirudi. Mzee akiniona atakumbuka. Alilisema akiangalia chapati.

"Mwambie anisamehe," nikasema.

"Kule reli yao hawakuwa wanasamehe," akasema, akacheka kidogo, ndiyo mara ya kwanza namsikia anacheka. "Nenda ukalale, kaka."

Nikatoka mlango wa nyuma, kichwa wazi na mvua nyembamba. Kituoni nikampigia mtu wa wakala kumwambia Kenton kwisha, anitafutie kwingine. Akaniuliza nimefanya nini. Nikasema ajali, hakuna aliyekufa. Akasema yuko mama mmoja Lewisham, Mkongo, anajua Kiswahili, lakini tatizo lake hatulii, asubuhi mpaka jioni yuko mbioni, wasaidizi wamechoka kumkimbiza.

Nikauliza, anaoga?

Akasema anaoga, ila ukimdaka.

Nikamwambia nitaanza Jumatatu. Basi likaja, nikapanda ghorofa yake ya juu, nikakaa kiti cha mbele kabisa ili usingizi usinipate. Nikala chapati zote nne.